Kumwacha Wifi Nyuma

Ndugu wa ukoo ule walikuwa na utani wao: ukitaka kumwona mwanamume anayeishi kama mgeni nyumbani kwake, nenda kwa yule fundi wa mafriji. Mkewe na dada yake walipatana kupita kiasi. Walicheka mambo ambayo yeye hakuyaelewa, walimaliza chai bila kumbakishia, na akiingia sebuleni walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea kwa sauti ya chini. Mawifi wengi hupendana kwenye simu tu. Hawa walipendana kweli.

Mke alikuwa fundi wa mapazia. Watu walimwita Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake, iwe dukani, iwe sokoni, na siku moja hata msibani, mpaka shangazi mmoja akamvua kimyakimya na kuificha kwenye mkoba. Wifi yake alikuwa dereva wa gari la mikate, mwanamke mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Futi hakumwita jina lingine ila Wifi, naye Wifi akamjibu hivyo hivyo.

Kilichowapeleka majini ni mgongo wa Futi. Alikuwa ameinamia cherehani miaka mingi, na daktari akamwambia atafute bwawa mapema, asije akatafutiwa kitanda. Futi hakujua kuogelea. Wifi alijua tangu utotoni, naye ndiye aliyemfundisha, kwenye bwawa la manispaa, upande wa maji mafupi, kiganja kimoja kikiwa chini ya tumbo lake. "Legea," alikuwa akimwambia. "Umekakamaa kama ubao wa pasi." Futi aliyanywa maji ya bwawa lile mpaka akaizoea ladha ya dawa yake. Polepole akaelea. Mwisho akawa anaweza kumfuata Wifi kwenda na kurudi, wakisimama kila ukingo kupumua na kusengenya.

Siku moja Wifi akasoma tangazo kwenye mlango wa bwawa. Kulikuwa na watu wanaoandaa safari ya kuogelea kuvuka ziwa, pale lilipo jembamba, asubuhi, kila mwogeleaji na mashua yake ya kumsindikiza. "Tuvuke," akasema. Futi akadhani anatania. Wifi hakuwa akitania. Tatizo lilikuwa moja: upepo wa ziwa huamka mchana, kwa hiyo atakayechelewa kufika boya la katikati, au baadaye ng'ambo, angetolewa majini, hata kama nguvu bado anazo. Wakajipima muda bwawani, wakakuta kwamba kwa mwendo wao wangetolewa wote wawili.

"Basi tutaongeza mwendo," Wifi akasema.

"Wewe umezoea gari. Kwako kuongeza mwendo ni kukanyaga mafuta."

"Na wewe umezoea cherehani, ni hivyo hivyo. Sikiliza. Tunaanza pamoja, tunamaliza pamoja. Wakitutoa, watutoe wawili."

Wakakubaliana.

Pale bwawani palikuwa na kocha, mwalimu wa michezo aliyestaafu, mtu mwembamba aliyependa kukaa kwenye kiti cha plastiki na saa yake ya kupimia muda mkononi. Jioni moja Wifi alipokuwa bafuni, kocha alimwita Futi.

"Una mikono mirefu, lakini unaitumia kama mifupi. Ukija Jumanne na Alhamisi nitakurekebisha."

"Nitamwambia wifi yangu tuje wote."

Kocha alitupa jicho mlango wa bafu. "Wifi yako bega lake halipandi. Zile kreti za mikate zimelimaliza. Atafika, ana moyo. Ila kwa muda ule hatafika."

Futi alipaswa kumwambia Wifi maneno hayo, au angalau nusu yake. Alikuwa na nafasi ya kufanya hivyo usiku ule ule, wakirudi pamoja ndani ya gari lililonuka mkate. Badala yake alimwambia kwamba Jumanne na Alhamisi hatakuwepo, amepata kazi ya hoteli, madirisha mengi ya kupima. Wifi akamtakia heri.

Hivyo ndivyo alivyoanza kwenda peke yake. Kocha hakumpa umbali mrefu. Alimpa umbali mfupi kwa mwendo mkali, pumziko la kuvuta pumzi chache tu, kisha tena, na tena, mpaka mikono ikawa mizito kama nguo zilizolowa. "Ziwa ni refu, mbona tunakimbizana huku?" Futi aliuliza. Kocha akamwambia mwili ukishazoea mwendo mkali kwa vipande vifupi, mwendo wa kawaida nao hupanda bila mtu kujitesa. Alimfundisha kuinua kiwiko na kuyashika maji kwa mkono wote, kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko, badala ya kuyapiga makofi. Alimfundisha kugeuka kiunoni, kuvuta pumzi pande zote mbili, na kuinua macho kidogo juu ya maji kuangalia mbele bila miguu kuzama. Futi alikuwa mtu wa vipimo. Kazini pazia likipishana na dirisha hata kwa upana wa ukucha alifumua na kushona upya, na majini akawa vile vile. Alihesabu mivuto ya mikono yake kwa kila urefu wa bwawa, na ilipopungua alifurahi kama mtu aliyeokota kitu.

Jumamosi alipokuwa na Wifi alirudi kwenye mwendo wa zamani. Alijifanya anahema. Hilo nalo lilikuja kumwuma baadaye, kule kuhema kwa uongo.

Wiki chache kabla ya safari walikwenda ziwani kujaribu. Kila mmoja alijifunga kiunoni boya dogo la rangi ya chungwa, la kujaza upepo, ili waonekane na vyombo vinavyopita. Walipanga kuogelea mpaka boya kubwa jekundu linaloonyesha njia ya kivuko, kisha warudi.

"Bega kwa bega," Wifi akasema huku akivaa kofia.

"Bega kwa bega," Futi akajibu.

Mwanzoni walikwenda sawa. Maji yalikuwa ya kijani, kisha yakawa meusi, na hapakuwa na mstari chini wala ukingo wa kushika. Ndipo mwili wa Futi ukaamka. Aliyashika maji, yakashikika. Alijikuta mbele kidogo, akapunguza, akamsubiri, akajikuta tena mbele. Mkononi alikuwa amevaa saa. Akawaza: niende mpaka lile boya kwa mwendo wangu halisi, nione tu, halafu nimngoje pale pale. Ni jambo la dakika chache.

Akaenda.

Alikuwa amefika mbali kidogo alipoisikia sauti. "Wifi!" Aligeuza kichwa kuvuta pumzi, akaona nyuma yake mkono umeinuliwa. Akavuta mkono wake, akageuza tena. "Wifi, ngoja!" Ilikuwa sauti ile ile ya kuamsha mtaa, ila nyembamba. Futi aliisikia vizuri kabisa. Akajiambia labda anataka kupumzika, labda ananipungia tu, na lile boya jekundu lilikuwa karibu, na saa ilikuwa ikienda. Akarudisha uso majini. Alipoligusa boya aliangalia saa, akacheka peke yake, mdomo umejaa maji, kwa sababu hakuwahi kuogelea hivyo maishani mwake.

Kisha akageuka, akaona boya dogo la chungwa na hakuona kichwa.

Boti ya walinzi wa ufuo ilimfikia Wifi kabla yake. Misuli ya miguu yote miwili ilikuwa imembana, akameza maji akiita, akaning'inia kwenye kile kiboya huku uso ukizama na kuibuka. Walinzi walimvuta ndani kwa mkono ule ule mbovu. Futi aliporudi ufuoni, Wifi alikuwa amelazwa ubavu kwenye mchanga, akitapika maji, na mlinzi mmoja kijana alimwuliza Futi kwa mshangao, bila ubaya, "Hukumsikia mwenzako? Sisi tulimsikia toka gatini."

"Sikusikia," Futi akasema. "Masikio yangu yalikuwa ndani ya kofia."

Neno lilitoka kabla hajalipima. Likishatoka, likawa lake.

Wifi alilazwa hospitali. Maji yaliingia mapafuni, homa ikapanda, na bega likaonekana limechanika ndani. Mume wa Futi alikaa kando ya kitanda cha dada yake bila kula, lakini kila mgeni aliyeingia alimweleza habari ile kwa kumlinda mkewe. "Zile kofia zinaziba masikio kabisa," alikuwa akisema. "Na mawimbi yale, nani angesikia?" Wageni walitikisa vichwa, wakamshika Futi mkono, wakamwambia pole na yeye, maana kuona jambo kama lile si mchezo. Uongo wake ulikuwa sasa unasemwa na watu wakweli, na yeye akiusikiliza huku akiangalia magurudumu ya kitanda.

Wifi mwenyewe hakumwuliza chochote. Aliuliza nani anaendesha gari la mikate. Aliuliza kama yule mteja wa hoteli amelipenda pazia.

"Amelipenda," Futi akasema, na hapakuwa na hoteli.

Kazini akaanza kuharibu. Alimshonea mama mmoja pazia la sebuleni la maua, akalipeleka mwenyewe, akalitundika, na yule mama akalitazama kwa muda. "Fundi, haya maua yangu yameanguka au?" Futi alikuwa ameshona kitambaa chini juu. Mteja alicheka. Futi alilishusha, akakaa kwenye ngazi na ringi za pazia mapajani, akashindwa kunyanyuka mpaka mteja akamletea maji.

Alikwenda kwa Wifi aliporuhusiwa kurudi nyumbani, akamwambia amejitoa kwenye safari. Wifi alikuwa kwenye kochi, mkono umefungwa kifuani.

"Nani amekwambia ujitoe?"

"Siwezi kwenda bila wewe. Tulisema pamoja."

"Mimi mwaka huu siendi popote, hata kuchana nywele nachanwa. Ukiacha na wewe, mimi nimeyanywa maji yale kwa ajili gani? Utakwenda. Na anatakiwa mtu wa kukaa kwenye mashua akupe vinywaji na kukuangalia. Nitakaa mimi."

Futi akarudi bwawani, safari hii kila mtu akijua, na jambo lililomtia aibu kuliko yote ni kwamba mwendo ulizidi kupanda. Alitamani upungue. Ungepungua angesema ameadhibiwa, na mambo yangekuwa sawa kidogo. Lakini kocha alibonyeza saa yake, akainua nyusi na kusema "safi", na moyo wa Futi, huo huo uliokuwa haulali, uliruka kwa furaha. Alikuwa akimpelekea Wifi uji na njiani akijikuta anawaza juu ya kiwiko chake.

Wifi alikuja kwenye mazoezi ya mwisho ili wapatane ishara. Alikuwa amenunua filimbi.

"Nikikuita kwa mdomo unaweza usisikie," alisema, akiifunga kamba ya filimbi shingoni kwa mkono mmoja. "Hii utaisikia."

Futi alimtazama usoni. Wifi alikuwa akihangaika na fundo. Futi akamsaidia kulifunga.

Siku ya safari maji yalikuwa baridi na anga nyeupe. Futi aliogelea kando ya mashua ya makasia iliyokuwa ikipigwa na mzee mmoja wa kukodi, mtu asiyependa maneno. Wifi alikaa nyuma, kofia pana kichwani, chupa za maji ya sukari miguuni. Kila baada ya muda alipuliza filimbi, Futi akasimama akikanyaga maji, Wifi akamrushia chupa iliyofungwa kamba, kwa sababu mwogeleaji hakuruhusiwa kuigusa mashua. Alikuwa makini kama anayegawa mikate. Alimwambia akaze kushoto, alimwambia anainua kichwa mno, na alikuwa sahihi.

Walipita boya la katikati mapema kuliko walivyotarajia. Mwandaaji kwenye boti kubwa aliwapungia. Wifi alipuliza filimbi, akarusha chupa.

"Umepita," akasema. "Waliobaki nyuma wanatolewa."

Futi aliishika chupa na hakunywa. Mdomo wake ulikuwa umevimba kwa maji na baridi. "Wifi, siku ile nilikusikia."

"Kunywa."

"Nilikusikia ukiniita. Mara mbili. Nikaendelea."

"Tatu," Wifi akasema. "Niliita mara tatu. Ya pili uligeuka ukaniangalia. Kunywa, muda unakwenda."

Mzee wa makasia alikuwa akiangalia ng'ambo ya pili. Futi alikunywa, au alidhani amekunywa, akaachia chupa, akalaza uso majini. Miwani ikajaa machozi kwa ndani na hakuona kitu. Kwa hiyo Wifi alijua. Kitandani pale, wageni wakieleza habari za kofia, alijua. Aliposema atakaa kwenye mashua, alijua. Alipoinunua filimbi, alijua.

Mikono ya Futi ikalegea. Haikuwa uchovu. Aliamua, kama kuna kuamua katika hali ile, kwamba hatafika kwa muda, kwamba apoteze kile kilichomfanya amwache mwenzake nyuma. Akaanza kuogelea kama zamani, akiyapiga maji makofi. Haukupita muda filimbi ikalia, kali, mara nyingi. Akasimama.

Wifi alikuwa amenyanyuka nusu, mkono mzima umeshika ukingo wa mashua, na mzee wa makasia alikuwa akimwomba akae.

"Unafanya nini?"

"Nimechoka."

"Hujachoka. Nimekuona ukichoka, haiko hivyo. Usinitese mara mbili, Wifi. Umenileta hapa na bega hili nije kukuona unajitupa? Kama unaogelea, ogelea. Kama hutaki, panda twende nyumbani. Lakini usinifanyie maigizo."

Futi akaogelea. Upepo ulianza kuamka wakiwa karibu na ng'ambo, mawimbi yakamjia kwa ubavu, akavuta pumzi upande usio na mawimbi kama alivyofundishwa, akainua kiwiko, akayashika maji. Alifika ndani ya muda. Watu wasiomjua walimpigia makofi, mtu akamvalisha medali kwenye ngozi iliyokunjamana, na mumewe, aliyekuwa amezunguka ziwa kwa barabara, alimkumbatia akalowa. Wifi alimpa taulo, akakusanya chupa zake na kwenda kukaa ndani ya gari.

Usiku ule Futi alimwambia mumewe. Fundi wa mafriji alisikiliza hadi mwisho. Hakupandisha sauti. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mgongo kwake, kisha akasema, "Nimewaambia watu wangapi mimi," na baada ya hapo hakuongea naye kwa siku kadhaa isipokuwa mambo ya lazima, maji yamekatika, ufunguo uko wapi. Akaanza tena kuongea kidogo kidogo. Lakini habari za kofia hakuzitaja tena mbele ya mtu yeyote.

Wifi hakuja nyumbani kwao karibu msimu mzima. Alipopona kiasi cha kushika usukani, gari la mikate lilipita mbele ya duka la mapazia kila asubuhi, na Futi alilisikia likibadilisha gia pale kwenye mteremko. Halikusimama. Mwishowe alikwenda mwenyewe, Jumapili mchana, akamkuta Wifi uani akianua nguo kwa mkono mmoja. Hakuambiwa karibu, hakuambiwa ondoka. Akashika upande wa pili wa shuka, wakakunja.

"Siyo kwamba uliniacha," Wifi akasema walipofika kwenye foronya. "Mtu akiwa na mbio zake, mbio humchukua, najua, na mimi nimewahi kuendesha gari kwa wazimu. Ni kwamba ulikuja kuniambia pale katikati. Kwenye maji. Mahali ambapo siwezi kusimama nikatoka nje nikalie, nina kazi ya kukuweka hai. Wiki zote hizo ulikuwa ukija na uji, tukiwa wawili tu, mlango umefungwa. Ukanichagulia mahali."

Futi alikuwa hajalifikiria hilo kamwe. Alikuwa amedhani kusema kwenyewe ndiyo mwisho wa deni. Sasa alijiona pale majini, akijitua mzigo wake kwenye mapaja ya mtu mwenye mkono mmoja.

"Kweli," akasema.

"Na ile hoteli?"

"Haikuwepo. Nilikuwa kwa kocha."

Wifi alitikisa kichwa, akaweka foronya juu ya shuka. "Sijakusamehe, nisikudanganye. Sisemi sitakusamehe. Sijui. Usiniulize ulize."

"Sitauliza."

"Alhamisi nina miadi ya bega hospitali. Mdogo wangu, mumeo, ana kazi. Utanisindikiza?"

Futi akafunga duka Alhamisi. Walikaa kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, wagonjwa kila mmoja na mwenzake, na mhudumu akamwonyesha Wifi namna ya kupandisha vidole ukutani hatua kwa hatua, kama buibui, mpaka mkono ufike juu. Wifi akajaribu. Vidole vikafika usawa wa kidevu vikagoma. Futi, bila kujijua, alikuwa ametoa futi shingoni akaanza kupima ukuta toka sakafuni hadi kidoleni.

"Unanipimia pazia?" Wifi akauliza.

Mhudumu akacheka, na Wifi naye akacheka, kile kicheko chake kikubwa kilichofanya watu wa benchi la nje wageuke. Kisha akamtazama Futi, akakumbuka, na kicheko kikakatika njiani. Futi aliyaona yote mawili, kuja kwake na kuondoka kwake.

"Tena," mhudumu akasema. "Kuanzia chini."

Wifi akaushusha mkono, akaweka vidole ukutani, akaanza kupanda.